Mwaka wa Kupima Chakula cha Masika

Mama yangu tulimzika Luofu siku ya Jumanne, chini ya mvua nyembamba ya milimani, na tangu nirudi Butembo nimeshindwa kufanya kazi yoyote ya maana isipokuwa kukaa mezani na kuufikiria mwaka mmoja. Waombolezaji walitaja miaka yake mingine yote: miaka ya kulima viazi kwenye miteremko, miaka ya kupokea nyumbani kwake watu waliokimbia vijiji vyao na magodoro kichwani, miaka ya kuimba sauti ya pili kanisani. Mwaka ninaoufikiria mimi hakuna aliyeutaja, kwa kuwa waliokuwa ndani ya nyumba yangu wakati ule walikuwa watu wanne tu, na mmoja wao alikuwa mtoto. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa na shahada ya kilimo, mke mwalimu aitwaye Kavira, nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa wa Kimemi, na binti wa miaka mitano, Masika, aliyekuwa akishikwa na kifafa mara kumi na tano, mara ishirini kwa siku. Mama alikuwa akiishi nasi ili amwangalie Masika saa za asubuhi, Kavira akiwa shuleni na mimi nikiwa mashambani na wakulima wangu.

Msomaji aliyeona kifafa mara moja barabarani hudhani anakijua. Cha Masika kilikuwa na sura nyingi. Kulikuwa na ile ya kichwa kuinama ghafla, kama mtu aliyeitikia jambo asiloliamini. Ile ya macho kubaki wazi na mwenyewe kutokuwepo. Na ile kubwa ya kuanguka, kukakamaa na kutoa povu, ambayo ilimwacha amelala mpaka alasiri. Mama alikuwa amemshonea kofia ya sufu yenye pamba nene ndani, na Masika aliivaa mchana kutwa, hata jua lilipowaka. Paji la uso wake lilikuwa na makovu mengi madogo. Maneno aliyoyajua akiwa na miaka mitatu yalikuwa yakipotea moja baada ya jingine. Alianza kwa kusahau rangi. Halafu akasahau jina la shangazi yake. Kila jioni nilikaa naye nikimwonyesha vitu vya sebuleni na kuuliza hiki ni nini, hiki ni nini, na moyoni nilikuwa kama mtu anayezunguka nyumba yake akihesabu mapengo baada ya wezi kuondoka.

Kabla sijaeleza yaliyotupata lazima nieleze jinsi alivyokuwa akila na bibi yake. Kwetu chakula cha watoto huwekwa katika sahani moja, bugali, yaani ugali, katikati na bakuli la sombe, mboga ya majani ya muhogo, pembeni, na mikono yote hukutana hapo. Siku moja tulialikwa kwa jirani aliyekuwa amebatizisha mtoto. Masika alikuwa ameketi mkekani na watoto wengine saba au wanane wakila, mara akaangukia sahani kifudifudi, akikakamaa, na povu likaenea juu ya bugali. Mikono yote ilirudi nyuma kwa pamoja. Mama mmoja wa chama cha kanisa alipiga kelele: "Mutoe batoto! Ile povu ikigusa mutu, na yeye ataanguka!" Watoto walinyanyuliwa kwa mikono, kwa kola, kama vifaranga. Mama yangu alitoka alikokuwa ameketi na wazee wenzake, akaketi mkekani peke yake, akaweka kichwa cha Masika pajani, akampangusa kwa pindo la kitenge chake. Halafu, kwa mkono uleule, alimega bugali upande uliolowa, akaufinyanga, akachovya katika sombe, akameza. Akamtazama yule mama. "Bon," akasema, "nitaanguka. Mungoje basi." Akaendelea kula. Watu walingoja kweli, wamesimama, mpaka akamaliza sahani nzima na kuomba maji ya kunawa. Tangu siku hiyo hakula chakula cha mchana na mtu mwingine. Sahani moja, yeye na Masika, mlango wa nyumba ukiwa wazi ili kila apitaye aone.

Daktari aliyetueleza habari ya kutibu kifafa kwa chakula alikuwa katika hospitali ya mji wa Beni, mwanamke mzaliwa wa Kasai aliyekuwa amepelekwa kufanya kazi huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia wodini. Tulikuwa tumekwisha kujaribu dawa tatu. Chumba chake kilikuwa na kabati la chuma, beseni la kunawia na dirisha linalotazama ukuta. Alimpima Masika, akakaa, akavua miwani. "Papa Masika, sikiya. Bongo yake inawaka na sukari, kama moto ya makala. Na bugali yote, kiazi yote, ndizi yote, mu tumbo inageuka sukari. Donc tutaifungia ile mulango. Atakula mafuta: siagi, avoka, mawese, mayai, krème ya maziwa. Bongo itazoea kuwaka na mafuta. Kwa batoto bamoja, kifafa inapunguka. Kwa bengine inaisha kabisa. Kwa bengine, hapana." Nikauliza tutajua lini yeye yuko kundi gani. "Miezi mitatu. Mais ni miezi mitatu ya bakali. Kila kitu inapimwa kwa gramu. Anamaliza yote yenye iko mu sahani, na hakuna kitu ya inje. Ata kipande ya muwa. Ata dawa ya sirop, hapana: vidonge tu." Niliandika yote katika daftari, na hilo la vidonge nililiandika pia, ukurasa wa kwanza, mstari wa mwisho. Aliniuliza kama nitaweza kupiga hesabu za uwiano, mafuta kiasi gani kwa protini kiasi gani. Nilimwambia, kwa majivuno ambayo leo yananitia haya, kwamba chuoni nilifundishwa kupanga malisho ya ng'ombe wa maziwa kwa hesabu hizohizo.

Mizani ya jikoni haikutosha. Sindano yake ilikuwa na mashaka ya gramu kumi. Jirani yetu Mzee Ramazani, Mwislamu mmoja mtulivu aliyekuwa mnunuzi wa dhahabu, aliposikia shida yangu aliniazima mizani yake ndogo ya zamani, ile inayosoma hata sehemu za gramu. "Ilipima dahabu miaka kumi," akaniambia, "haijapata kudanganya mutu. Ipime mafuta, tuone." Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda mashambani, nilichutama jikoni mbele ya babula ya makala, jiko letu la makaa, nikipima siagi gramu ishirini na mbili, yai lililopigwa gramu thelathini na tano, parachichi gramu arobaini, majani ya lengalenga kiasi cha kujaza kijiko. Niligawa chakula cha siku katika vibakuli vitatu vyenye vifuniko na kuvipanga kabatini. Wanaume wa uani walinipitia wakicheka. "Papa Masika amefungua comptoir ya dahabu! Leo siagi iko karati ngapi?" Nilicheka nao siku za kwanza. Baadaye sikuwasikia tena, kwa kuwa masikio yangu yote yalikuwa ndani, kwa Masika.

Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa mabaya kiasi kwamba Kavira na mimi tuliacha kutazamana. Masika alitapika. Alilala mchana kama mtoto mchanga. Alipoamka aliomba, kwa maneno machache aliyobaki nayo, kitu kilekile: "Papa, bugali. Kiloko tu." Alipoona chungwa mkononi mwa mtoto aliyepita dirishani alilia mpaka akashikwa, na baada ya kushikwa akaendelea kulia palepale alipokuwa ameachia. Ilinilazimu kusimama juu yake na saa mkononi mpaka alambe mafuta ya mwisho ya bakuli, maana mafuta yakibaki hesabu yote imeharibika. Nilijisikia nikisema kwa sauti ya mkaguzi: maliza, Masika, bado gramu tano. Kavira alitoka nje. Mara moja aliniambia akiwa ameegemea ukuta wa jikoni: "Kama inashindwa, Paluku, mutoto atakuwa amelia bure. Unajua ile?" Nilijua. Nikaosha kibakuli.

Na kulikuwa na amri nyingine, niliyoitunga mwenyewe: mtu yeyote asile bugali mbele ya Masika. Tulikula kwa zamu nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, tukiwa tumeinama juu ya sahani. Kwetu anayekula kwa kujificha ndiye huyohuyo ambaye watu hujiuliza usiku anafanya nini. Mama alikataa siku mbili; alishinda na chai. Siku ya tatu aliniita chumbani kwake, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Alikuwa na vibakuli vya Masika mbele yake, na sufuria yake ndogo, na kijiko chake, vyote nilivyokuwa nimevifunga uzi mwekundu ili visichanganyike na vyombo vingine vyenye mabaki ya unga.

"Hii uzi ni ya nini?"

"Ni juu bisichangane na bingine, Mama."

"Sahani yake. Kijiko yake. Sufuria yake." Alivigusa kimoja kimoja. "Paluku, ile kitu bajirani balishindwa kufanya, weye umeifanya."

"Si vile, Mama. Ni docta. Si juu ya povu, ni juu ya sukari."

"Mutoto anajua sukari? Anajua tu kama zamani alikuwa anakula na batu, na sasa anakula sawa imbwa ya mulango."

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, kwa mifano, moto na makala, kama alivyonieleza daktari, na nilipomaliza alisema polepole: "Weye ulisoma, mimi sikusoma. Nitatii." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi wiki hii. Ningesikiliza sauti yake badala ya maneno yake, ningejua alichokuwa akiniomba. Lakini nilisikia utii tu, na utii ndio niliokuwa nikiutaka.

Juma la tatu vile vijikaratasi vya kupima mkojo, tulivyoviita bandelete, vilibadilika. Vilikuwa na rangi ya mchanga, vikawa waridi, halafu asubuhi moja zambarau iliyokolea, rangi ya biringani. Kifafa kilishuka kutoka mara ishirini hadi kumi na mbili, halafu nane, halafu sita. Siku moja Masika aliketi mlangoni, akanyoosha kidole kwenye shuka lililoanikwa, akasema: "Bulu." Kavira alikuwa akisafisha mchele kwa ajili yetu, alisimama, ungo ukapinduka, mchele wote ukamwagika, na hakuna aliyeuokota kwa muda mrefu. Alikuwa amerudishiwa rangi moja. Mama alipiga magoti hapohapo uani, juu ya matope, akashukuru kwa Kinande. "Wasingya, wasingya," alirudia. Nadhani siku zile zilikuwa siku za matumaini makali kuliko zote nilizowahi kuishi, na ndiyo sababu yaliyofuata yalinifanya kuwa mtu niliyekuwa.

Juma la saba bandelete zilipauka. Zambarau ikawa waridi, waridi ikawa mchanga. Kifafa kikarudi: tisa, kumi na moja, kumi na nne. Rangi ya bulu ikapotea tena. Nilipima mizani kwa sarafu, nikapima sarafu hizo kwa mizani mpya anayoitumia Mzee Ramazani mwenyewe. Nilibadilisha mahali pa kununua siagi. Nilimkataza Kavira kumpaka mtoto dawa ya meno. Katika daftari langu kulikuwa na kila kitu kilichoingia kinywani mwa Masika, na hesabu zilikuwa safi, kwa hiyo kosa lilikuwa nje ya daftari, na nje ya daftari kulikuwa na watu tu. Nilianza kurudi nyumbani saa zisizotarajiwa. Siku ya nne ya kufanya hivyo, saa sita mchana, nilizunguka nyumba kwa kunyata kama mwizi wa kuku, na nikawakuta nyuma ya tangi. Mama alikuwa amechutama na sahani yake. Masika alikuwa ameketi juu ya kandambili za bibi yake, kofia imeteleza upande, na shavu lake moja lilikuwa limetuna. Mama aliponiona hakuficha mkono wake.

"Mara ngapi?" niliuliza.

"Hii ni ya tatu. Kiloko tu, sawa kidole."

"Mara tatu kwa siku?"

"Mara tatu yote, Paluku. Tangu uanze. Anakuya ananikalia hapa, ananiangalia. Mimi nakula, yeye ananiangalia. Unataka nifanye nini? Nimufukuze?"

Sikuamini. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo, na nataka kuiandika kwa usahihi: si kwamba nilikasirika, bali kwamba hesabu zangu zilihitaji mkosaji mkubwa na yeye alinipa kosa dogo. Kidole mara tatu hakikuweza kueleza majuma mawili ya bandelete zilizopauka. Nikaamua kwamba anadanganya. Nilimwambia, mbele ya mtoto, kwamba anamuua mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwambia kwamba yule mama wa kanisani alikuwa afadhali, yeye alimwogopa tu Masika, hakumlisha sumu. Mama aliinuka, akamfunga Masika kofia vizuri chini ya kidevu, akaenda kunawa. Kesho yake nilimtafutia pikipiki ya kwenda Luofu kwa kaka yake. Alikuwa na mfuko mmoja. Kavira alilia, mimi nilikuwa nikimwelekeza mwendeshaji asipite kwenye daraja bovu. Masika alisimama mlangoni akisema, "Mukaka, Mukaka," jina alilomwitia bibi yake, na pikipiki ilipopotea alianguka pale kizingitini. Nililiandika anguko hilo katika daftari, na saa yake.

Kavira aliomba likizo shuleni akakaa nyumbani. Nyumba ikawa kimya na safi, na kila kitu ndani yake kilikuwa kimepimwa, na hakuna kilichobadilika. Bandelete ziliendelea kuwa na rangi ya mchanga. Juma, majuma mawili, mwezi, miezi miwili; kumi na mbili kwa siku, kumi na tano. Miezi mitatu ya daktari ilikwisha na nikajiongezea mingine bila kumuuliza, kwa kuwa sikuweza kukubali kwamba nilikuwa nimemfukuza mama yangu kwa jambo lisilofaa kitu. Masika alikonda. Aliacha kuomba bugali. Aliacha kuomba chochote. Alikula peke yake mezani, mimi nimesimama na saa. Furaha yake pekee ilikuwa dawa yake ya asubuhi na jioni, ambayo aliilamba kijikoni kwa ulimi wote na kunirudishia kijiko kiking'aa. Nilishukuru kwamba angalau hilo halikuwa vita.

Mwezi wa nne baada ya Mama kuondoka, Masika alishikwa alfajiri na hakuachiliwa. Kilipita kimoja, kikaja kingine kabla hajafumbua macho. Zahanati ya karibu walimdunga sindano, kikatulia kidogo, wakatuambia twende Beni. Kavira alimbeba katikati yetu juu ya pikipiki, na mimi nyuma nikiwa na begi: daftari, mizani, vibakuli, dawa, kila kitu, kwa kuwa daktari alikuwa amesema kwa simu, "Lete yote. Yote yenye inaingia mu kinywa." Katikati ya njia kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja, kijana wa mbali aliyechanganya Kiswahili na Lingala, alifungua begi na kuitoa mizani.

"Tata! Balance ya dahabu. Na dahabu iko wapi?"

"Hakuna dahabu, chef. Ni ya kupima siagi."

"Siagi?" Aliwageukia wenzake. "Bandeko, muko nasikia? Tata anapima siagi na balance ya dahabu! Unatuona bajinga?"

"Ni chakula ya mutoto. Mutoto ni mugonjwa. Chef, nakuomba, tunakawia."

"Vua viatu. Dahabu inakuwaka mu viatu."

Nilikuwa nimeinama kufungua kamba za viatu wakati Masika alipokakamaa mikononi mwa Kavira. Povu likamtoka. Askari aliruka nyuma hatua tatu nzima, bunduki ikamgonga gotini. "Nzambe! Kende, kende! Ondoa ule mutoto hapa!" Mizani aliiacha chini kwenye vumbi. Nilipoiokota niliona jinsi kijana mwenye bunduki alivyofunika pua na mdomo kwa kola ya koti lake, na nikamkumbuka mwanamke mmoja akimega bugali uliolowa. Nilipanda pikipiki nikiwa na kiatu kimoja kisichofungwa, na njia nzima sikuweza kuiondoa picha ile.

Beni walifanikiwa kukizima. Masika alilala, mrija mkononi, na daktari alituita katika kile chumba cha kabati la chuma. Nilimfungulia daftari. Alisoma kurasa nyingi akitikisa kichwa kwa namna ya kukubali, na nakiri kwamba hata saa ile nilisubiri kusifiwa. "Hesabu iko muzuri," akasema. "Sasa toa ile ingine." Nilipanga vibakuli juu ya meza, siagi, chupa ya mawese, na mwishoni, kwa kuwa alisema yote, chupa ya dawa. Aliishika, akaigeuza, akavaa miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni dawa yake, docta. Ile yenye uliandika."

"Mimi niliandika vidonge."

"Vidonge vilikosekana. Magari hayakuwa yanapita. Mama ya pharmacie alinipa ileile dawa, ya maji. Jina ni moja."

"Jina ni moja, ndiyo. Papa, hii ni sirop. Onja."

Nilionja. Ilikuwa tamu kama asali. Nilimsikia Kavira akivuta pumzi. "Tangu lini?" daktari aliuliza, na nilijua jibu kabla sijafungua daftari, na daftarini jibu halikuwemo, kwa kuwa nilikuwa nimeandika kila kilichotoka jikoni na sikuandika hata mara moja kilichotoka duka la dawa. Juma la sita. Nikamwambia, labda kwa kutafuta mwenza wa kubeba mzigo, kwamba hata mama yangu alikuwa amempa mtoto bugali. Aliuliza mara ngapi. "Anasema mara tatu. Kama kidole." Daktari hakuwa mtu mkali. Aliirudisha chupa mezani taratibu, akaikazia kifuniko. "Bugali ya Mukaka ilipita mu siku moja, mbili. Weye, kijiko asubuhi, kijiko jioni, kila siku, miezi tano. Papa, haukujua. Mais si Mukaka."

Vidonge vilipatikana kwa msafirishaji mmoja wa Beni aliyevileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Siku ya sita bandelete ilikuwa waridi, ya kumi zambarau. Kumi na tano, tisa, nne. Mwisho wa mwezi kulikuwa na siku moja ambayo ukurasa wa daftari ulibaki mtupu. Kavira aliutazama, akasema, "Sasa uende Luofu. Mimi sitakuambia mara mbili."

Ilikuwa siku nzima ya pikipiki, na kila kilima nilikipanda na hotuba mpya. Nilimkuta akichambua maharage uani kwa kaka yake. Alikuwa amepungua. Aliniletea kigoda, akaniletea maji ya kunawa miguu, kama mgeni, na hotuba zangu zote zikafia hapo. Nilisema tu: "Mama, ilikuwa dawa. Dawa yenye mimi namupa. Ilikuwa na sukari. Haikukuwa weye." Aliendelea kuchambua. Mbovu kushoto, nzima kulia.

"Anaanguka mara ngapi sasa?"

"Mara tatu, mara ine. Siku moja hakuanguka."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Mikono yake ilisimama. Nilidhani atalia au atashukuru kama siku ya bulu. Aliuliza: "Na hii miezi yote. Anakula na nani?"

Ningeweza kusema anakula na mama yake. "Peke yake," nikasema. "Mimi nasimama na saa, mupaka amalize."

Ndani, mke wa mjomba alikuwa akisonga bugali, mwiko ukigonga sufuria. Halafu Mama akasema, bila kuniangalia: "Ile chakula yake. Unaweza kupima ya batu wawili?"

"Wawili namna gani?"

"Bakuli yake, na bakuli yangu. Sawasawa. Yeye anakula siagi, mimi nakula siagi. Hatutagusana, kama docta hataki. Mais atainua macho, ataona mutu."

"Mama, ni mbaya sana. Ni mafuta matupu. Utatapika."

"Yeye alitapika?"

"Alitapika. Majuma mawili."

"Bon," akasema. Alimimina maharage mabovu na mazima pamoja katika ungo mmoja, akamwita mke wa kaka yake aje ayachukue, akaenda ndani kutafuta mfuko wake.